Haikojoi

Masika yote ililala uvunguni,
injini yetu, nguvu ya farasi kumi na tano,
imeviringishwa shuka letu la harusi,
lile la maua, lililochuja.
Juu yake, kitandani, alilala mume wangu,
naye kafungwa mpira na mfuko.
Nilikuwa nafagia kwa uangalifu.

Juni ikaingia. Matope ya Luchelele yakakauka
na Lushinge akanyoa ndevu.
"Leo ni kisiwani," akasema, "tukale mihogo kule,
turudi kabla upepo wa mchana haujaamka."
Akavaa jaketi la kuokolea, la rangi ya chungwa,
lenye jina la meli ambayo hajawahi kuipanda.
Nikabeba chupa ya chai, mihogo, chumvi kwenye karatasi.
Nikabeba na dawa zake. Sikumwambia.

Mvuto wa kwanza, kimya.
Wa pili, ikakohoa.
Wa tatu ulikuwa wangu, maana daktari alikataza:
asivute, asinyanyue, asijikaze.
Yeye akatazama upande wa mawe
kama mtu aliyetumwa kuhesabu pimbi.

Ikawaka!
Tukapita vizimba vya sato,
samaki wanaruka ndani ya nyavu,
mvua inayonyesha kwenda juu.
Alikuwa akipiga mluzi.
Mimi ndiye niliyeisikia harufu,
ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.
Nikageuka, nikatazama chini ya kofia ya injini
pale panapotoka uzi wa maji.
Hapakuwa na uzi.
"Lushinge," nikasema, "haikojoi."

Neno lile.
Siku kumi na tisa kule Bugando, juu kilimani,
kila aliyevaa nyeupe aliingia nalo mlangoni:
Baba, umekojoa? Mama, amekojoa?
Kiasi gani? Rangi gani?
Nikiandika kwenye daftari la mjukuu,
katikati ya hesabu za kugawanya,
na yeye kageuzia uso ukutani,
mtu aliyefundisha ufundi wa umeme miaka thelathini na moja
anaulizwa mkojo na watoto wa juzi.

Akazima injini.
Ziwa likawa kubwa ghafla.
Kisiwa palepale, si karibu, si mbali,
kama deni.
Fungu la gugumaji likaja taratibu,
nyangenyange mmoja kasimama juu yake,
likatupita bila salamu.

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.
Nilikwisha tia mkono kwenye mfuko wa dawa
kabla sijajua kwamba anacheka.
"Andika kwenye daftari," akasema,
"saa nne na robo asubuhi: sifuri."

Nikavua kibanio cha nywele, nikakinyoosha kwa meno,
nikainama nje ya ukingo,
naye akanishika kiunoni, kwenye fundo la kitenge,
akanishika zaidi ya ilivyohitajika,
nikachokonoa kile kitundu
mpaka ukamomonyoka udongo mkavu, laini, uliofinyangwa vizuri:
nyumba ya nyigu
aliyejenga uvunguni mwetu masika yote
wakati sisi tukihesabu mililita.

Hatukufika kisiwani.
Iliwaka, ikakojoa kwa kusitasita, matone, kisha uzi,
tukapiga makofi kama wazazi wapya,
halafu ikazima tena
kwa sababu nyingine, ambayo mpaka leo hatuijui.
Mihogo tukailia hapohapo juu ya maji.
Chumvi ilikuwa imelowa.

Kasia sikumnyima. Daktari hakutaja kasia.
Yeye upande wake, mimi upande wangu,
na kwa kuwa mwaka huu mwenye nguvu ni mimi
boti ikawa inapinda kuelekea kwake,
inapinda, inapinda,
basi kila baada ya mapigo matano
naweka kasia magotini,
namngoja.