Geti la Pongwe

Mguu mrefu chanya, mfupi hasi:
nimeyaandika ukutani kwa kalamu ya risasi
baada ya kuunguza taa mbili.
Mbili kati ya sita, na hizo sita
zilitoka kwenye viatu vya Idi vya Semboja,
vile vya kuwaka kila akikanyaga,
vikambana kabla ya Mfungo Tatu.
Nilimwomba kwa adabu. Akasema chukua, shangazi,
ila dereva ni mimi.

Chumba ni cha uani, Barabara ya Kumi na Moja,
kati ya pipa la maji na mkaa wa Bi Somoe.
Reli imekatiza mlangoni; ukitaka kuingia, inama.
Mkonge ni nywele za mswaki nilizozichovya rangi,
milima ya Usambara ni magazeti na uji wa muhogo,
na panya wameshakula kilele kimoja.
Sitakirudisha. Mvua nayo hula milima.

Lakini geti nilitaka liwe geti.
Fito zake ni mbavu za mwavuli,
nyekundu, nyeupe, nyekundu,
kwa rangi ya kucha na wino wa kufutia makosa.
Nyaya nimezipitisha ndani ya mrija wa peni,
zikazama chini ya ubao, hadi kwa transista mbili
zipokezane kama watwangaji wa kinu kimoja:
huyu akiinua, yule anashusha.

Jana taa ziliwaka pamoja, zikazimika pamoja.
Nusu saa natafuta kosa, moshi wa risasi machoni,
kumbe nyaya zote mbili
nimezifunga kwa mtwangaji mmoja.

Nisiseme uongo: geti la kweli halikuwa na taa.
Lilikuwa na Mndolwa, baba yangu,
bendera mbili, kandili moja,
na kofia ya shirika iliyokwisha ukingo.
Saa kumi na mbili na robo jioni
aliacha tonge kwenye sahani
akaenda kuvuta kamba.
Malori ya mkonge yakasimama. Madereva wakamtukana.
Hakuwajibu. Alitazama upande wa Muheza
kama mgonjwa anayengoja jina lake liitwe dirishani.

Kisha treni ikaacha kuja.
Barua ya kumwambia aache, nayo haikuja,
kwa hiyo hakuacha.
Nyasi zikafunika mataruma,
mbuzi wakazalia katikati ya reli,
naye, saa ile ile, anafunga barabara
kwa dakika sita za hewa tupu.
Watu walimcheka. Nilikuwa na miaka kumi na minne;
nikitoka shule nilizunguka kwa nyuma, kwenye mihogo,
wenzangu wasijue ni wangu.

Leo usiku Semboja ameshika swichi.
Garimoshi la kopo la maziwa limetoka Muheza,
limepita mkonge, limepita kilele kilicholiwa,
geti likashuka, taa zikaanza:
huku, kule, huku, kule.
Lori la bati likangoja. Halikumtukana mtu.
Semboja akapuliza honi kwa mdomo,
mate yakaruka hadi stesheni.

Umeme ukakatika.

Mtaa mzima ukaguna kwa sauti moja.
Mahali fulani gizani, shubiri tatu kabla ya geti,
garimoshi limekufa na mwendo wake.
Lakini geti linakula betri.
Huku, kule.
Wekundu kwenye paji la Semboja, kisha kwenye mikono yangu,
kisha kwenye paji lake tena.

"Shangazi, nizime? Treni haiji."

Nikainama kuitafuta saa,
nikaisoma kwa mwanga wa viatu vyake.

"Ngoja," nikamwambia. "Dakika sita."