Sifuri kwa Sifuri

Mkataba ulitiwa sahihi mbali, ukumbini, penye viyoyozi.
Sisi huku Fang tulikuwa tunasuka vitunguu saumu,
mkia kwa mkia, kama nywele za bibi harusi,
tukavitundika darini, moshi wa jikoni uvilinde.

Redio ikasema: ushuru umefutwa,
sifuri kwao, sifuri kwetu.
Baba akacheka. "Sifuri haina uzito.
Itamvunja nani mgongo?"

Kufika Februari tuliujua uzito wake.
Ilishuka na Mto Mekong
ndani ya magunia mekundu ya wavu:
vichwa vikubwa kama ngumi ya mtoto, vyeupe pe,
ganda linavuka kwa kidole kimoja.
Kilo yetu ikaanguka, baht ishirini na nane hadi kumi na moja,
na mnunuzi hakuzima hata injini.

Akaja ofisa wa kilimo, kijana mpole, na fomu:
usipande, serikali itakulipa.
Baba aliisomesha mara tatu.
"Na ndoo nisizochota? Na jembe nisilolinoa?
Hayo nayo yana bei?"
Kijana akatazama viatu vyake.
Baba akachovya kidole gumba katika wino.

Sitasema uongo: wenye longani walipata.
Malori yao yalikwenda kaskazini yamejaa,
na Fongchan, jirani yetu, ameezeka vigae vya buluu.
Mvua ilinyesha upande ule wa ua.

Mimi nilishuka Chiang Saen, nikapata kazi gatini.
Napima magunia mekundu,
naandika uzito kwa kalamu ya risasi.
Mshahara ni wa wiki. Hauozi, haungoji mvua.
Jumamosi msimamizi hunigawia
vile vilivyomwagika wavu ulipochanika.

Mama Bualai huvimenya upesi, anausifu wepesi wao,
kisha anatia punje mara mbili ya zamani
maana havina ukali.
Baba anakula. Hasemi.
Juzi tu aliuliza, "Hivi ni vya wapi?"
na hakuna aliyejibu, kwa kuwa anajua.

Darini umebaki msuko mmoja,
mweusi kwa moshi, wa mbegu.
Jana usiku niliuinua kama ninavyoinua magunia,
nikadirie kabla ya mizani.
Mkono huu, unaolitambua gunia la kilo ishirini gizani,
haukujua useme nini.