Ndege Asiyefanya Kitu

Kwanza niliandika kunguru.
Nikampa mdomo, nikampa kioo cha kugonga,
nikampa usiku mnene kama lami.
Asubuhi nikamfuta. Ndege anayeshambulia
ni adui tu, na adui dawa yake komeo.

Mhariri alipiga simu kutoka Belgrad:
"Radmila, toleo la majira ya baridi linakungoja.
Nataka ndege wa kunikosesha usingizi."
Nikatazama nje. Nikacheka kidogo.

Hapa Kikinda, Novemba ikiingia,
bundi huja mjini kama wastaafu kwenye mabenchi.
Hujaa misonobarini mbele ya kanisa,
mia, mia na arobaini, hakuna ajuaye vizuri,
masikio ya manyoya wima,
miguu kama imevaa soksi.
Watalii huja na kamera ndefu kama mabomba.
Muuza mikate amewachora kwenye mifuko yake.
Hakuna anayewaogopa. Bibi yangu tu, zamani,
akimsikia mmoja juu ya paa
alijitemea mate kifuani mara tatu;
lakini bibi aliogopa hata jokofu.

Hawalii, hawa. Hiyo ndiyo shida.
Wangelia ningejua wanamwita nani.
Wanakaa jii, mchana kutwa,
macho nusu wameyafumba, kama mtu
anayesubiri jina lake lisomwe
katika orodha ndefu.

Nilihesabu vichwa vilivyoelekea dirisha langu.
Jumatatu kumi na vitatu.
Alhamisi vyote.
Nikahamishia meza chumba cha nyuma.
Ijumaa mti wa jozi wa jirani,
ambao haujazaa tangu mwaka wa mafuriko,
ulikuwa umezaa: matunda ya kijivu,
kila tunda na macho yake mawili.

Hapa ningeweza kudanganya, ndiyo kazi yangu.
Ningesema waliruka wote kwa pamoja, jua likazimika.
Hawakuruka.

Ognjen wa ghorofa ya chini ana miaka saba.
Mwalimu amewafundisha kuokota chini ya miti
vidonge vinavyotapikwa na bundi,
kuviloweka, kuvifumua kwa kibanio,
kupanga mifupa ya panya kwenye karatasi nyeusi:
fuvu, taya, mbavu nyembamba kama kope.
Alikuja mlangoni na bakuli lake.
"Bi Radmila, hiki si cha panya."

Kilikuwa kifungo. Cha shati, cheupe, matundu manne,
na katika matundu, uzi wa kijani.

Kifungo kile nilikishona mwenyewe, Februari ile,
juu ya meza hii hii. Slavoljub wangu
alikuwa amelazwa chumba cha pili,
mikono kifuani, anangoja shati.
Uzi mweupe uliniishia.
Nikasema, nani atauona huko aendako?

"Ni cha nani?" Ognjen akauliza.
Nikampa biskuti mbili. Nikafunga mlango.

Mhariri amesoma nilichompelekea.
"Nzuri. Lakini mwishoni huyu bundi anafanya nini?"
Hafanyi kitu, nikamwambia. Anatazama.
"Wasomaji watataka afanye kitu."
Nikakaa kimya. Naye akakaa kimya.
Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini zaidi,
kama kwangu kuna mtu mwingine anayepumua.

Machi ikiisha huondoka, kila mwaka, usiku mmoja.
Muuza mikate amerudia mifuko mitupu.
Leo ni tarehe kumi na moja Aprili
na mti wa jozi bado umebeba tunda moja.

Jana usiku nilifungua kijisanduku cha ushonaji.
Uzi wa kijani ulikuwepo.
Nimekishona kifungo kwenye gauni la kulalia,
upande wa moyo,
mahali pasipo na tundu la kukipokea.
Kisha nikaliacha dirisha wazi.
Ni joto, nilijiambia.
Na barafu ilikuwa bado mtaroni.