Wimbo wa Sita

Umeme ulirudi saa tano kasoro usiku
na Mukalay akatuma neno: njooni, imefika.
Tukaja. Katuba imelala,
sisi tunaruka madimbwi, watu wazima na mvi zetu,
fulana nyeusi zimepauka hadi rangi ya panya.
TANURU, zimeandikwa kifuani.
Kwa Umba herufi mbili za mwanzo zimebanduka,
imebaki NURU tu, na tumbo chini yake.

Miaka kumi na minne bila albamu.
Ndani yake mimi nimezaa mara mbili, nimezika mara moja,
Kyungu amefukuzwa kampuni, akarudishwa, akafukuzwa.
Tulidhani wamekufa, au wako Ndola wanauza magari.
Kumbe walikuwa gereji moja huko Kampemba,
majirani wakiwagongea ukuta.

Karakana ya Mukalay: mageti ambayo wenyewe hawakurudi kuyalipia,
harufu ya chuma kilichoungua,
spika mbili ndani ya sanduku la bati alilolichomelea mwenyewe.
Tukakalia ndoo. Munkoyo ukazunguka.
"Majivu Hayana Haraka," akasoma jalada,
kama mtu anayesoma barua ya msiba.

Gita likaingia, lori la madini mteremkoni,
tukashika ndoo zetu,
halafu breki zikakamata
na lori likashuka kwa miguu.

"Bazee banachoka," Umba akasema.
"Na hii ngoma ni ya mashine. Mutu hawezi kupiga sawasawa hivi."
"Ni mtoto wa Kabange. Kabange mikono inamtetemeka siku hizi."
"Basi wangengoja itulie."

Kyungu alikuwa amesimama tangu wimbo wa pili,
na Kyungu akisimama hasemi fupi:
kwamba zamani wimbo ulikuwa wa dakika tatu,
unakupiga, unaondoka, hauombi radhi;
kwamba sasa kuna kinanda, bana, kinanda!
kama misa ya kwanza;
kwamba mwaka ule alikwenda Likasi kwa baiskeli,
mvua yote mgongoni, ili awaone,
na hakupiga pedali kwa ajili ya kinanda.
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Numbi, mwanagenzi, miaka kumi na sita,
miwani ya kuchomelea mapajani,
hajawahi kuwaona jukwaani hata siku moja.
Akasema: "Rudisha wa sita."

Wa sita. Kabla ya sauti
kuna kikohozi.
Kidogo. Fundi yeyote angekikata.
Wao wamekiacha, ndipo Masengo anaimba
kwa sauti iliyobaki: msumeno uliopoteza meno
lakini mti bado unaujua.

Mimi ni muuguzi, wodi ya vifua, mwaka wa ishirini na mbili.
Kikohozi nakijua kama mpishi anavyojua chumvi.
Kile si cha baridi wala cha sigara.
Ni cha kijana aliyesimama mbele ya tanuru la kweli
kabla ya hili la magita,
zamu ya usiku, leso mdomoni,
na vumbi likaandika jina lake humo ndani,
mahali ambapo herufi hazibanduki.

Nikahesabu pumzi na pumzi. Ndiyo kazi yangu, siwezi kuacha.
Mistari ilikuwa mifupi kwa sababu hewa ilikuwa fupi.
Kinanda kinaingia pale anapovuta,
kinamshika kwapani, kinamvusha.
Sikusema kitu. Umba alikuwa bado kwenye ngoma.

"Tena," akasema Numbi.
Mara ya tatu hata Kyungu alikaa,
ndoo ikalia chini yake.
Kisha wenye umeme wakauchukua umeme wao
katikati ya neno.

Tukabaki gizani, tunangoja,
kama vile neno lingejimalizia lenyewe.
Mbwa mmoja alibweka upande wa Kenya.
Tochi ya simu ikawaka: Kyungu,
anapekua mifuko, anatoa flashi yake.
"Moto ukirudi," akamwambia Mukalay, "unitilie zote."
Akajikuna kidevu.
"Na ile ya kinanda. Usiiruke."