Maji ya Chai

Kijito chetu hakikuhitaji majani wala sukari
kupata jina lake.
Baba, Anaeli Nanyaro, mzee wa usharika,
ndiye aliyechota humo maji ya ubatizo,
na sisi tuliobatizwa, tuliokunywa,
tunacheka tumeziba midomo kwa viganja.

Nilirudi kutoka maabara na namba kwenye karatasi.
Floraidi, nikasema. Majivu ya Mlima Meru,
ya kabla ya migomba, kabla ya watu,
yanayeyuka taratibu ndani ya ndoo zetu.
Akaikunja karatasi mara nne.
"Kwa hiyo aliyeumba mlima alikosea kipimo?"

Sikuwa na namba ya swali hilo.

Nikaleta mtungi, tumboni mkaa wa mifupa ya ng'ombe,
maji yanaingia juu, yanachuja chini, mepesi.
Akauzunguka kama mnunuzi wa fahali mwenye mashaka.
Wiki tatu hakuugusa.
Mama alikunywa kwa siri.

Jumapili moja nikamsikia jikoni peke yake
akisoma kwa sauti habari za bonde la mifupa mikavu,
kidole kikifuata mistari,
na mkono wa pili umeshika kikombe.

Hatujapatana. Yeye husema muujiza,
mimi husema kalsiamu.

Juzi tumembatiza mjukuu wake, Elifuraha.
Baba alitangulia kanisani na ndoo, imefunikwa kitambaa.
Sikuuliza ameyachota wapi.
Yalipomgusa utosini mtoto akaangua kilio,
kinywa wazi kabisa,
bila jino hata moja.