Pindo la Vidole Vinne

"Acha pindo kubwa, fundi," mama yake alisema,
"mtoto bado anarefuka."
Fundi Mbaruku wa Barabara ya Nane
akakunja vidole vinne kwa ndani,
akapitisha uzi mwepesi, wa kufumuliwa.

Idi ilipoandama, Mwinjuma alikwisha kuwa Keya:
kaptula ya kaki, nambari shingoni,
miaka kumi na tisa kwa hesabu ya nyumbani,
ishirini na mbili kwa hesabu aliyowapa wao.
Alikuwa amekata mkonge Pongwe misimu miwili.
"Vita gani," alicheka, "itachoma kuliko huu?"
Meli ikampakia pamoja na marobota.
Marobota yakafika. Naye akafika.

Kisha barua ya mashine, ya Kizungu.
Karani wa posta aliisoma mlangoni,
akameza mate kabla ya kusema *Bama*.
Wakatandika matanga bila maiti.
Hadi leo sijui nani aliyaanua.

Nishani ilikuja mwaka uliofuata, ndani ya boksi.
Dada yake, bibi yangu Mwantumu,
aliigeuza kifuniko cha kikombe cha wanja.

Kaburi lake hatukulijua. Tulijua la mwingine,
askari wa vita vya kwanza, aliyeletwa na meli kutoka kwao
akaanguka hapa Tanga
kabla hajajifunza kuomba maji kwa lugha yetu.
Jiwe limeliwa na chumvi:
herufi tatu, na Novemba.

Kila Alhamisi Bibi alikwenda na fagio la chelewa,
mimi nyuma na kindoo.
Aling'oa magugu, akamwaga maji
kichwani, miguuni,
akasoma alichokijua.

Shemeji yake, Mwalimu Sefu wa chuoni,
alimkuta huko akamkemea:
"Huyo si wetu. Hujui hata alikuwa akiabudu nini."
Bibi hakuinua kichwa.
"Na wangu mimi, kule,
anayemfagilia ni wetu?"

Siku moja nikamuuliza
(nilikuwa na miaka saba, sikujua pa kukanyaga):
"Na kama kule hakuna mtu, Bibi?"
Fagio lilisimama.
Lilisimama muda mrefu.
"Basi mimi nitakuwa nimefagia."

Tumemzika mwezi uliopita, karibu na nyumbani,
jina lake zima juu ya ubao.
Alhamisi tatu zimepita sijakwenda kwa yule mgeni.
Mvua ya vuli imenyesha; magugu najua yako magotini.

Sandukuni, chini ya kanga za harusi, kanzu ile,
imegeuka rangi ya chai ya maziwa.
Nilikuwa na mkasi. Nikakata nyuzi tatu tu,
nikachungulia ndani ya pindo.

Nyeupe.
Nyeupe kama ilivyotoka kwa Mbaruku,
vidole vinne vya kitambaa visivyoona jua,
urefu wote ule
aliowekewa.