Puleki

Ilizimika Jumanne, saa kumi na nusu jioni,
pembe la shetani likiwa limechorwa nusu.
Haikupiga kelele, haikutoa harufu ya kuungua.
Ilijifia tu, kama mgeni aondokaye bila kuaga,
ikatuachia weusi, na ndani ya weusi sisi wawili:
mama na sindano mdomoni,
mimi na mkono juu ya kipanya.

Wiki tatu, Kanivali iingie Oruro.
Na michoro yote imo humo: mabawa ya joka,
nyoka wa mabegani, vipimo vya viuno
vya wachezaji sitini na wawili wa mtaa wa wachimba bati,
na orodha ya wadaiwa,
ambayo mama haisomi ila akiwa amekwisha kula.

Kompyuta yetu ni uso usio na kiwiliwili.
Ini, figo, mapafu, vyote vimebanwa nyuma ya kioo.
Ilivuka mpaka kutoka Iquique, mtumba, katikati ya matairi.
Fundi Eleuterio aliigonga kwa ukucha:
"Hii haifunguliwi, Yobana. Hii hununuliwa nyingine."
Mama akamlipa ujira wa kutazama,
akamsindikiza mlangoni kwa neno la Kikechua
nisiloweza kuliandika.

Nikaagiza pawa saplai kwa mtu wa Cochabamba.
Ilikuja na basi la usiku,
imevishwa soksi ya mtoto.

Nilichomoa waya, nikakaa.
Maana umeme si maji, ufunge bomba yaishe.
Mle ndani mna kapasita, nene kama vidole gumba,
na kapasita zina kinyongo:
kata kila kitu, lala, zenyewe bado zinakumbuka,
na kumbukumbu zao hupiga hadi moyoni.
"Unasali?" mama akauliza.
"Nangoja isahau."
Akavuta uzi, akaukata kwa meno.
"Basi utangoja," akasema,
na sote tukajua hasemi mashine.

Kioo kilishikwa na sumaku.
Nikabandika viango viwili vya mpira, vya bafuni,
nikavuta polepole kama anayebandua plasta ya mtu mwingine.
Mama akatandika mahameli nyekundu mezani,
akachora kwa chaki umbo la mashine,
kila skrubu na duara lake,
kama achoravyo mkono wa koti kabla ya kukata.
Hakuniambia kwa nini. Nilijua ni hofu.

Ndani: vumbi la nyanda za juu,
nyuzi za kijani, za zambarau, za fedha,
Kanivali tisa zimelaliana tabaka kwa tabaka.
Nikaitoa pawa ya zamani, nikaitikisa.
Ikalia. Chi, chi.
Nilipoifungua, mchana wa pili, kwa glavu za kuoshea vyombo,
puleki moja ya dhahabu ilikuwa imenasa
kati ya miguu miwili ya shaba,
imeungua upande, upande bado inang'aa.

Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo hii tuliishona wenyewe.

Mama aliitwaa kwa ncha ya sindano.
Aliitazama sana, kisha akaishona
kwenye kwapa la koti la shetani mkuu,
mahali pasipoonwa na mtu ila anayecheza.
Halafu akakata kipande cha neti,
akaishonea mashine pazia mgongoni
ili ipumue bila kumeza.

Waya wa pawa mpya ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole.
Nikaupitisha njia isiyo yake. Ukafika.
Nikabonyeza.
Kimya. Kimya kirefu cha kutosha
kuhesabu wadaiwa wote kwa majina.
Ndipo feni ikavuta pumzi.

Michoro yote ilirudi ila lile pembe,
sikuwa nimelihifadhi.
Nikalianza upya, likapinda zaidi,
na mama akasema hili ndilo.

Skrubu moja ilibaki kwenye mahameli,
imekaa katikati ya duara lake la chaki.
Tuliiona sote.
Akakung'uta kitambaa, akaanza kukata.